Mafahali Wawili, Zizi Moja: Historia ya Hofu ya Mbwa Dume wa Pili

Uwanja wenyewe ulikuwa na upana wa mita 10 na urefu wa mita 20, chini ya nusu ya uwanja wa mpira wa kikapu. Ulikuwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, na humo walifungiwa mbwa mwitu wa Ulaya, mara nyingine hadi kumi kwa pamoja. Nje ya wavu alisimama mtafiti Rudolf Schenkel akiandika kila alichokiona: nani kainua mkia, nani kaufyata, nani katoa meno na nani kageuza shingo. Aliona ugomvi mwingi. Madume walipimana nguvu wao kwa wao, majike nao vivyo hivyo, na juu ya kila upande akabaki mmoja aliyewanyamazisha wenzake. Mwaka 1947 Schenkel alichapisha aliyoyaona, na huyo wa juu akajulikana kwa herufi ya kwanza ya Kigiriki, alfa.

Mafunzo ya Basel hayakubaki Basel. Miongo kadhaa baadaye yalikuwa yamekwisha kuingia sebuleni na uani kwa watu ambao hawakuwahi kumwona mbwa mwitu. Mwenye mbwa dume mkubwa nyumbani, akitaka kuleta wa pili, aliambiwa ajiandae kwa vita: waache wapigane mpaka ajulikane mkubwa, kisha wewe mwenye nyumba uwe mkubwa wao wote wawili. Ushauri huo husikika hadi leo, Nairobi na Arusha sawasawa na New York.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili haukuwa mgeni hata kidogo. Kila mtoto anajua kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na habari za alfa zilionekana kama methali iliyopewa cheti na maprofesa. Lakini cheti hicho kilitolewa kwa haraka, na gharama yake wameilipa mbwa.

Schenkel hakuanza kutoka patupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwachungulia kuku tangu utoto wake, alionyesha kwamba bandani kila kuku anajua amdonoe nani na adonolewe na nani. Wazo la ngazi likawavutia wanasayansi, wakaanza kuitafuta kwa kila mnyama. Na kwa upande wa mbwa, njia ilikuwa imetengenezwa mapema zaidi. Mwaka 1910 Konrad Most, ofisa wa polisi wa Ujerumani, alichapisha kitabu cha kuwafundisha mbwa wa kazi ambacho kilitumiwa na vikosi vya polisi na jeshi kwa miongo mingi. Most aliamini kwamba kati ya mtu na mbwa hakuna usawa. Lazima mmoja awe juu, na ikibidi mtu athibitishe ukuu wake kwa nguvu za mwili. Kwa hiyo Basel ilipozungumza, masikio yalikuwa tayari.

Mwaka huohuo wa 1910, jambo tofauti lilikuwa likitokea baharini. Mvumbuzi Roald Amundsen aliondoka Norway mwezi Agosti katika meli ya Fram akiwa na mbwa 97 kutoka Greenland, wengi wao madume, wenye nguvu za kuburuta sleji na wasiokuwa na haya ya kupigana. Hakuna mwenye nyumba aliyewahi kukabili tatizo la dume wa pili kwa ukubwa huo. Sitaha ya meli moja, miezi mitano baharini, na hakuna mahali pa kumpeleka mbwa aliyeshindwa kuelewana na mwenzake.

Mabaharia wale hawakuwaachia watafutane mkubwa. Waliwafunga kila mmoja mahali pake, kila kikundi kikiwa na mtu wake wa kukilisha na kukiangalia, majirani wakapata wiki nyingi za kuonana, kunusana na kulala karibu bila kufikiana. Baadaye tu ndipo walipofunguliwa, na hata hapo kila mmoja akiwa amefungwa mdomo. Amundsen anasimulia kwamba wote walitazamia vita kubwa. Mwanzoni mbwa wengi walibaki palepale walipozoea, kana kwamba hawajui kuwa wamefunguliwa. Kisha ugomvi ukazuka kweli, manyoya yakaruka, lakini meno hayakupata nyama, na baada ya muda zogo likatulia. Wengine waliokuwa wamenyong'onyea walichangamka walipowapata rafiki zao waliokuwa wamefungwa upande mwingine wa meli. Tangu hapo urafiki ulihesabiwa: waliopendana waliwekwa pamoja.

Januari 1911 Fram ilitia nanga Antaktika ikiwa na mbwa 116, kwa kuwa wengine walizaliwa njiani. Meli iliyojazwa madume wakali ilifika na wengi zaidi ya wale ilioondoka nao. Safari ile haikuwa ya huruma, na hapo hakuna la kuficha: kati ya mbwa 52 waliopelekwa Ncha ya Kusini, 11 tu ndio waliorudi kambini, wengi wakiwa wamepigwa risasi kwa mpango uliowekwa tangu mwanzo ili wawe chakula. Lakini sanaa ya kuwakutanisha mbwa wageni ilikuwa imefanyiwa kazi kwa vitendo: nafasi kati yao, muda mrefu, harufu kabla ya mwili, kinga mdomoni. Haikuingia kwenye vitabu vya ufugaji. Ilihesabiwa kuwa habari za barafu.

Mwingine aliyekaribia ukweli kisha ukampita kando ni Konrad Lorenz wa Austria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Katika kitabu chake kuhusu mbwa anamkumbuka Bully, mbwa wake wa zamani, na adui yake, mbwa mweupe wa aina ya Spitz aliyeishi nyuma ya uzio kando ya barabara ya kijiji. Kila walipopitiana walikimbia sambamba, mmoja ndani na mwingine nje, wakibweka kana kwamba uzio ndio pekee unaowazuia kuuana. Siku moja sehemu ya uzio ilikuwa imeondolewa ili itengenezwe. Wakaja mbio na hasira zao zote, wakafika penye uwazi, wakajikuta pua kwa pua. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Wote wawili waligeuka wakarudi mbio hadi pale uzio ulipokuwa umesimama, wakaanza tena kutukanana.

Kisa hicho kina uzito kuliko kinavyoonekana. Mbwa anayemngurumia mwenzake kupitia geti huenda asiwe muuaji hata kidogo. Geti lenyewe linamtia wazimu kwa kumnyima kukaribia na kumnyima kukimbia. Ndiyo maana wanaowakutanisha mbwa kwa kazi hawapendi kuwaonyesha kwa mara ya kwanza kwenye uzio, kwenye mlango mwembamba, au wakiwa wamevutwa kwa kamba iliyokazwa.

Kosa lililokuwa ndani ya utafiti wa Basel halikuwa la macho. Schenkel aliona vizuri na aliandika kwa uaminifu. Kosa lilikuwa katika dhana iliyotangulia, kwamba kundi la porini hujengwa na mbwa mwitu wasiohusiana wanaokusanyika majira ya baridi, na hivyo kuwafungia pamoja wanyama waliokusanywa na binadamu hakubadilishi kitu cha maana. Kumbe miaka mitatu kabla, mwaka 1944, Adolph Murie alikuwa ameshachapisha kitabu kuhusu mbwa mwitu wa Mlima McKinley, Alaska. Aliwafuata kwa miguu, akakaa saa nyingi akiangalia pango la kuzalia, akaona wakubwa zaidi ya wawili, madume zaidi ya mmoja wakiwemo, wakiishi pamoja, wakileta nyama, na jike mwingine akilinda watoto mama alipokwenda kuwinda. Kilichomgusa zaidi ni jinsi walivyokuwa wema kwa wenzao. Machapisho mawili yalikuwa mezani kwa wakati mmoja, na dunia ya wafugaji ikachagua lile la uwanja wa Basel.

Haikuwa ajabu. Habari za vita huuzwa vizuri, na zinampa mwenye mbwa cheo.

Mwaka 1970 Mmarekani L. David Mech alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mbwa mwitu, na humo alfa wa Schenkel akapata jukwaa pana kuliko alilowahi kupata. Miaka minane baadaye watawa wa New Skete, monasteri ya jimbo la New York inayofuga mbwa aina ya German Shepherd, walichapisha mwongozo uliosomwa mno. Maisha ya monasteri ile yangetosha kuwa somo: mbwa wakubwa wengi, kila mmoja na mtawa wake, wakiingia pamoja kwenye chumba cha kulia na kulala kimya watu wakila. Lakini wasomaji wengi walichokumbuka ni ukurasa mmoja uliowafundisha kumpindua mbwa mkosaji chali na kumshikilia chini mpaka anyenyekee, kama alfa anavyodhaniwa kufanya. Toleo la mwaka 2002 liliondoa zoezi hilo. Kufikia hapo lilikuwa limesambaa kila mahali, na kipindi cha runinga kilichoanza Marekani mwaka 2004 kikazieneza tena fikra za kundi na kiongozi wake.

Matokeo yalipimwa. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwauliza wenye mbwa 140, waliokuwa wamewaleta kwa matatizo ya tabia, ni mbinu gani walizotumia na mbwa alijibu vipi. Kati ya waliojaribu kumpiga au kumpiga teke mbwa, 43% walijibiwa kwa ukali. Kati ya waliompindua chali, 31%. Hao ni watu wa nyumbani, wengine wenye watoto ndani, waliofanya walichoambiwa. Mtu akifikiria kwamba haya yalifanyika kwa mbwa aliyekuwa tayari na wasiwasi kwa sababu dume mgeni ameletwa uani kwake, huona jinsi ushauri mmoja mbovu ulivyoweza kugeuza mnong'ono kuwa damu.

Mech, kwa heshima yake, alirudi kusahihisha. Kuanzia mwaka 1986 alitumia majira ya kiangazi katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako mbwa mwitu hawakuwa na sababu ya kuwaogopa binadamu na walimruhusu akae karibu. Katika makala ya mwaka 1999 alieleza alichokiona kwa viangazi 13: kundi ni familia. Baba, mama, na watoto wa miaka mbalimbali ambao wakikomaa huondoka kutafuta wenza. Mashindano ya kugombea ukuu hakuyaona hata mara moja. Anayeitwa alfa ni mzazi tu, na hakushinda pambano lolote kupata nafasi yake, alizaa. Mech aliomba kwa miaka mingi kitabu chake cha 1970 kiache kuchapishwa, na hatimaye, mwaka 2022, kikaacha.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake, ingawa wa mnyama mwingine. Mbwa mwitu wetu, wale wenye madoa na masikio ya mviringo wanaoishi katika hifadhi za Nyerere na Ruaha, ni jamaa wa mbali wa mbwa wa nyumbani, na madume kadhaa wazima hukaa kundi moja. Watafiti waliowafuatilia Serengeti katika miaka ya 1970 waligundua kwamba kwa kawaida madume hao ni ndugu: hubaki pamoja walipozaliwa, majike ndio wanaohama. Huwinda bega kwa bega na kuwatapikia nyama watoto ambao si wao waliowazaa. Mafahali zaidi ya wawili, zizi moja.

Je, ina maana kwamba ngazi hazipo kabisa kwa mbwa? Hapa baadhi ya waliochoshwa na alfa huvuka mpaka, nao wanapaswa kurudishwa. Simona Cafazzo na wenzake walichunguza kundi la mbwa wasio na bwana waliozurura pembezoni mwa Roma, na katika makala yao ya 2010 walionyesha kwamba ngazi ilikuwepo na ilisomeka. Lakini ilisomeka zaidi kwa heshima ya wadogo kuliko kwa vitisho vya wakubwa: mkia ukashushwa, midomo ikarambwa, njia ikatolewa. Umri ulihusika sana. Wazee walipishwa.

Damu nayo ina sauti. Katika maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Maine, John Paul Scott na John Fuller walilea aina tano za mbwa kwa karibu miaka ishirini, wakiwemo basenji wenye asili ya Kongo, kabla ya kuchapisha kitabu chao mwaka 1965. Waliwapa mbwa wawiliwawili mfupa mmoja na kuandika nani aliondoka nao. Beagle walikaa kwa makundi bila shida kubwa. Fox terrier walikuwa jambo jingine: wangali watoto, wenzake walimwandama mmoja wao mpaka ikabidi atolewe. Malezi yaleyale, mabanda yaleyale, mwisho tofauti. Kwa hiyo anayesema mbwa wote wataelewana wakipewa upendo hasemi kweli pia.

Kitu ambacho karibu hakuna aliyekitarajia kilitoka kwenye kliniki. Mwaka 2011 Kathryn Wrubel na Nicholas Dodman wa Chuo Kikuu cha Tufts walichapisha uchunguzi wa visa 38 vya mbwa waliopigana na wenzao wa nyumba moja. Asilimia 79 ya jozi zilikuwa za jinsia moja, jambo linaloipa methali nguvu kiasi. Lakini katika asilimia 68 ya visa alikuwemo jike mmoja au wawili, kwa hiyo madume peke yao walikuwa upande mdogo. Mchokozi kwa kawaida alikuwa yule mdogo kiumri, katika visa 74 kati ya kila 100, na mara nyingi ndiye aliyeletwa baadaye. Picha ya dume mzee anayemshambulia mgeni mlangoni ilipinduka: mara nyingi ni mgeni aliyekuja akiwa kijana, akakua, akaanza kudai.

Tufts walijaribu tiba mbili. Ya kwanza, mbwa wote wawili walitakiwa kutii amri ndogo kabla ya kupata chochote, iwe chakula, kubembelezwa au kufunguliwa mlango. Ya pili, mwenye nyumba alimchagua mmoja, mara nyingi mkongwe, akampa kila kitu kwanza. Ya kwanza ilileta nafuu kwa asilimia 89 ya jozi zilizoifuata, ya pili kwa asilimia 67. Huenda zote zilifanya kazi kwa sababu zilifanya maisha yatabirike. Mbwa anayejua sahani yake itakuja lini na wapi hana haja ya kuitetea.

Kuhasi ni habari ya kale zaidi, na hutegemewa kupita kiasi. Mwaka 1976 timu ya Benjamin Hart wa California ilifuatilia mbwa dume 42 waliohasiwa wakiwa wazima. Kuzurura kulipungua kwa asilimia 90 ya waliokuwa na tabia hiyo. Kupigana na madume wenzao kulipungua kwa kama asilimia 60. Ni msaada mkubwa, hasa penye jike mwenye joto jirani, lakini si dawa ya uadui uliokwisha kuota mizizi.

Leo wakufunzi makini wanapomleta dume mkubwa wa pili, wanachofanya kingeeleweka kwa mabaharia wa Fram. Mkutano wa kwanza haufanyiki nyumbani kwa mwenyeji. Hufanyika mahali ambapo hakuna mwenye pa kutetea, uwanja mpana au njia ya shambani. Watu wawili, kila mmoja na mbwa wake, hutembea upande mmoja wakiacha mita kadhaa kati yao, kamba zikiwa zimelegea, na hawawasukumi kukutana uso kwa uso. Umbali hupunguzwa kidogokidogo wanapotulia. Kabla ya kurudi, mifupa na vichezeo huokotwa. Sahani huwekwa vyumba tofauti, na kwa majuma ya mwanzo mbwa hawaachwi pamoja bila mtu. Aliye mkali huzoeshwa kuvaa kifunga mdomo mapema, kwa kupewa minofu, ili kisije kikawa adhabu. Na wanapongurumiana, hakuna anayepigwa kwa kunguruma: mbwa aliyefundishwa kunyamaza huuma bila kutoa taarifa.

Kwetu kuna jambo moja linalohitaji kutazamwa upya bila kusubiri utafiti wa nchi nyingine. Katika nyumba nyingi za mijini, mbwa wa ulinzi hufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku. Dume wa pili anapoletwa, huingizwa kwenye banda lilelile, la mita chache, na sufuria moja ya ugali na matumbo huwekwa katikati. Asubuhi sikio limechanika na mlinzi anasema yule mpya ana roho mbaya. Lakini hali hiyo ni Basel tupu: wageni wawili, nafasi ndogo, chakula kimoja, hakuna pa kukimbilia. Banda la pili la mbao na mabati, lenye kivuli chake na maji yake, na sufuria ya pili iliyowekwa upande mwingine wa nyumba, ni gharama ndogo ukilinganisha na bili ya daktari wa mifugo wa kushona jeraha. Majuma mawili ya kutembezwa pamoja jioni na mtu yuleyule anayewalisha hugharimu muda tu, na wakishazoeana ndipo wafunguliwe pamoja usiku.